Yah: Bustani ya mboga hapa Nairobi

Shikamooni wakubwa. Nimehamia South B mwezi wa pili sasa. Sukuma wiki nimeshaizoea, ila matembele nayatafuta sokoni mpaka nachoka. Mwenye nyumba ana kipande nyuma ya geti, kimejaa magugu, kaniambia "lima tu". Nianze?

*

Marahaba, mdogo wangu. Subiri kwanza, mwombe aandike.

Nililima miaka minne nyuma ya ghorofa tuliyopanga huko Umoja: mchicha, kunde, mnavu (sokoni uite managu wakuelewe). Asubuhi moja nikakuta matuta yamesawazishwa, kokoto zimemwagwa, na gari limeegeshwa pale kunde zilipokuwa zimeanza kutoa maua. Udongo ule niliulisha mwenyewe, samadi na maganda ya jikoni, na mkononi sikuwa na hata mstari mmoja wa maandishi. Mpaka leo roho inaniuma.

Ndipo nikaanza kusoma wenzetu wamewezaje. Uingereza, sheria ya 1908 iliwabebesha halmashauri jukumu la kutafuta vitalu (vipande vya kukodi na kulima) pale wananchi wanapovihitaji, na ile ya 1925 ikawazuia kuuza ardhi waliyoinunua kwa kazi hiyo bila kibali cha waziri. Leipzig, Ujerumani, chama kilichoanza 1864 kilikuwa na kiwanja cha watoto kuchezea tu. Vitalu vilikuja baadaye, watoto wakachoka kupalilia, wazazi wakavichukua! Leo sheria yao ya 1983 inavilinda, kila kitalu kisizidi mita za mraba 400.

Hapa kwetu ugenini, kaunti ina sheria ya kilimo cha mjini tangu 2015, lakini haikupi ardhi ya mtu. Na msisahau kwamba Uhuru Park ingebeba jengo la ghorofa 60 kama Wangari Maathai asingeandika barua juu ya barua mwaka 1989. Bustani ya mjini inalindwa kwa kalamu.

Kwa hiyo aandike muda, nani analipa maji, na notisi itakayokutosha kuvuna. Wakati unasubiri, panda kwenye gunia kama wanavyofanya Kibera. Chukua kopo lisilo na kitako, lisimamishe katikati ya gunia, ulijaze mawe, pembeni jaza udongo uliochanganywa na samadi, kisha livute kopo juu na ujaze tena mpaka ufike mdomoni. Maji ukiyamwaga kwenye mawe yanafika mpaka chini. Toboa ubavuni, chomeka miche. Na maji ya mtaroni usiyaguse kabisa, hata kiangazi kikibana.

*

Asante sana, dada. Ameandika na kusaini: mwaka mmoja, notisi miezi mitatu, maji nalipa mimi. Gunia nimeshalisimamisha mlangoni. Nani ana marando ya matembele?

*

Ninayo. Pita Jumamosi kabla ya saa nne, nikukatie jua halijawa kali.