Pembea kubwa la kuzunguka: nimpandishe mtoto Idi hii ama?

Mama Zuu
Asalaam aleikum jamani naomba ushauri. Mwanangu wa miaka sita ananililia tangu juzi nimpandishe lile pembea kubwa la kuzunguka Idi hii, na mimi moyo wangu hautaki kabisa, manake mwaka juzi nilipanda na dadangu, kile chuma cha mbele ya kiti hakikukaza, nilikishikilia kwa mkono mpaka tukashuka. Halafu likasimama sisi tuko juu kabisa, kiti chayumba, nikajua limeharibika. Babake asema ni woga tu. Mwaonaje?

FundiKisauni
Waaleikum salaam dada. Kusimama juu usijali, hapo chini wanapakia watu kiti kwa kiti. Anayejua kazi yake hajazi viti vya upande mmoja, akipakia hiki analizungusha apakie cha upande wa pili uzito ulingane, la sivyo upande mzito wavuta chini na mota na breki zinateseka bure. Kuyumba pia kawaida, kiti kinaning'inia ndo maana hakipinduki.

Hicho chuma cha mbele sasa ndo shida yenyewe, ulikuwa na haki kuogopa. Mimi kazi yangu kuchomelea, na huku Pwani chumvi yala chuma kimyakimya, rangi yang'ara lakini kwenye maungio waona kutu imechuruzika kama chai. Kabla hujalipa simama kando utazame. Kila pini ya kuunganisha vyuma iwe na kijipini cha kuizuia isitoke, sio kipande cha waya. Miguu ikalie mbao pana, sio mchanga mtupu. Na upepo wa kusi ukivuma sana usipande, hata kama watu wapanda.

Bint wa Mvita
Mie nishapanda London Eye, lile pembea kubwa la kule London, nilipoenda kwa shangazi, mita 135 wallahi, vibanda 32 vya vioo, na hilo halisimami kupakia, lajikokota polepole waingia likitembea, wanasimamisha tu kwa wazee na walemavu. Mzunguko mmoja nusu saa. Lile la kwanza la mhandisi Ferris kule Chicago 1893 lilikuwa kama mita 80 na kila behewa watu 60! Hili letu dogo Mama Zuu, wewe kagua hicho chuma.

Babu wa Kuze
Sisi pale uwanja wa Makadara, Mombasa, tulipanda ya mbao, vijana wasukuma kwa mikono, jasho lawatoka. Mtoto mdogo hakupanda peke yake, alipakatwa na mkubwa wake. Panda naye mwanangu.

Mama Zuu
Shukran sana. Nimepita leo jioni walipokuwa wanalifunga, miguu iko juu ya mbao, pini nimezitazama moja moja. Kiti cha kijani chuma chake kimelegea, nimemwonyesha kijana akakikaza mbele yangu, nikakitikisa mwenyewe kimeshika. Nitampakata, ila hicho cha kijani hatukai.