Shokapu ya nyuma kwa baiskeli ya mteremko: springi au hewa? Naomba ushauri kabla sijalipa

Nyuma_Nzito
Wakuu, habari za muda huu. Shokapu ya nyuma ya baiskeli yangu ya DH (mbio za mteremko) imeanza kuvuja mafuta, na inagonga kila nikipita kwenye mizizi. Nimepata mbili zilizotumika kwa muuzaji mmoja, moja ya springi na moja ya hewa. Bei zinakaribiana, na jamaa anataka jibu kabla wiki haijaisha. Nichukue ipi? Mimi ni kuteremka tu, juu napandishwa na gari.

Koili_Damu
Springi. Uzi ufungwe.
Kama unataka sababu: springi inaanza kusogea hata ukiiegemea kidogo, haina sili za hewa za kuikwaza mwanzoni. Kwenye vijiwe vidogo vidogo tairi halibanduki chini.

Fundi_Grisi
Ufungwe wapi mkuu, hata uzito wake hujui! Nyuma_Nzito, leta taarifa: uzito wako ukiwa umevaa helmeti na kinga zote, gurudumu la nyuma linasogea milimita ngapi, urefu wa shokapu kutoka tundu hadi tundu, na inabanwa milimita ngapi. Bila hivyo tunapiga ramli tu.

Hewa_Moto
Mimi nipo upande wa hewa. Ukinenepa, ukikonda, ukimwazima rafiki, ni pampu tu, dakika moja umemaliza. Wa springi anatafuta springi nyingine. Halafu hewa inakuwa ngumu yenyewe inapokaribia mwisho, na bado unaweza kuweka vipande vya plastiki ndani ili iwe ngumu zaidi. Na msiniambie hewa haifai kwa DH. Foki za mbele kama Fox 40 na BoXXer za sasa ni hewa na watu wanashinda nazo.

Koili_Damu
Foki siyo shokapu kaka. Kwenye foki, gurudumu likipanda milimita moja na foki inabanwa takriban hiyo hiyo. Huku nyuma gurudumu linakwenda 200 mm wakati shokapu inabanwa 75 tu. Kwa hiyo kanafasi kadogo kanabeba mzigo mkubwa na kanachemka. Ishike shokapu ya hewa mwisho wa mteremko mrefu uone.

Hewa_Moto
Kwani yako ya springi haichemki? Kinachotuliza mtikisiko ni mafuta, na mafuta yapo kwenye zote mbili. Springi inabeba uzito tu.

Fundi_Grisi
Hapo Hewa_Moto yuko sawa nusu. Mafuta yanapata joto kotekote, yanakuwa mepesi na shokapu inarudi kwa kasi kuliko ulivyoipanga. Tofauti ni kwamba kwenye ya hewa presha nayo inapanda na joto, kwa hiyo kimo cha baiskeli kinabadilika njiani. Tuendelee kumsubiri mwenye uzi.

Spoki_Tatu
Wakati tunamsubiri niwaambie yaliyonikuta na springi, maana watu wanaisifia kama vile haina madhara.

Nilinunua springi peke yake, shokapu nilikuwa nayo, inabanwa 75 mm. Muuzaji akaniapia kwamba inaingia. Kweli iliingia vizuri, kola (ile pete inayobana springi) ikakaza, nikakaa juu ikazama kawaida. Nikaanza kushuka. Mapito ya kawaida hakuna tatizo, ila kila nikitua kutoka juu nasikia "klak" ya chuma, kavu, halafu baiskeli inanirusha. Nikadhani ni fremu. Nikaikagua kila mahali pa kuchomelea kwa tochi, hakuna ufa. Nikakaza bolti zote kwa spana ya toki, klak ipo pale pale.

Siku moja naiosha, nikaona rangi ya springi imechubuka mistari mistari, lakini ndani ya mizunguko, pale pindi moja inapotazamana na nyenzake. Kumbe springi yenyewe imetengenezwa kwa mwendo wa 65 mm! Pindi zilikuwa zinakutana kabla shokapu haijamaliza safari yake, na ule mshtuko wote unaobaki unaenda kwenye ekseli ya shokapu, ile fimbo inayoingia na kutoka. Ilikuwa imeshapinda kidogo, ukiitazama kwa jicho huoni, ukiiviringisha kwenye kioo ndiyo unaona. Sili ikafuata. Yule muuzaji akasema springi ni springi, akaacha kupokea simu.

Kwa hiyo soma namba zilizoandikwa kwenye springi. Kuna ya ugumu na kuna ya mwendo. Mwendo wa springi usiwe chini ya wa shokapu. Na upana wa ndani pia uangalie, hazifanani kampuni na kampuni.

Koili_Damu
Pole, lakini hilo ni kosa la muuzaji, siyo la springi.

Spoki_Tatu
Hewa isingepinda ekseli yangu.

Nyuma_Nzito
Samahani wakuu, nilikuwa kazini. Uzito 84 na kila kitu mwilini. Nyuma inakwenda 200 mm. Shokapu ya sasa nimeipima, 241 kwa 76. Ya springi kwenye tangazo ni 241 kwa 76, springi imeandikwa ugumu 450. Ya hewa ni 250 kwa 75, jamaa anasema tofauti ni ndogo, inaingia.

Fundi_Grisi
Sasa ndiyo unatuambia! Milimita 9 siyo ndogo. Zidisha kwa uwiano wa viungo, 200 gawa kwa 76, unapata kama 2.6. Nyuma itainuka zaidi ya sentimita mbili na pembe ya mbele itasimama karibu digrii moja. Kwenye miteremko mikali utahisi unamwagwa juu ya usukani. Hiyo ya hewa isahau.

Lakini na springi ya 450 ni ngumu kwako. Kwa hesabu yangu, kilo 84 kwenye uwiano huo inataka 350 hadi 375. Ukiwa umesimama juu ya pedeli izame asilimia 30 ya mwendo wake, yaani karibu 23 mm. Ikizama 17 tu, hiyo 450 umwachie mwenyewe. Na kama ni laini, usijaribu kuifanya ngumu kwa kukaza kola. Mizunguko miwili basi, zaidi ya hapo tafuta springi nyingine.

Koili_Damu
Nilisema nini mimi?

Fundi_Grisi
Tulia. Kwa saizi hiyo ya shokapu fremu yako ni ya zamani, na inaweza kuwa nyuma yake haijikazi mwishoni. Nyuma_Nzito, toa springi, rudisha shokapu bila springi, inua gurudumu taratibu. Kila shokapu ikibanwa 10 mm, pima gurudumu limepanda ngapi. Ikianza na 30 ikaishia na 23, springi itakufaa sana. Zikiwa 26, 26, 26 mpaka mwisho, utakuwa unagonga mwisho kila ukitua.

Mama_Breki
Mbona hakuna anayeuliza huko kugonga kunatoka wapi? Mdogo wangu, simamisha baiskeli, mwenzio aishike tandiko ainue na kushusha kidogo kidogo, wewe weka kidole pale tundu la shokapu linapokutana na fremu. Ukihisi kamchezo, ni bushi imekwisha, na shokapu mpya itagonga vilevile. Angalia na beringi za viungo, zikiwa na kutu huwa zinagoma.

Hewa_Moto
Au ni cheni inayovuta. Aaron Gwin, yule mkimbiaji wa DH, alishinda mbio za Leogang, Austria, 2015 cheni ikiwa imemkatikia pale pale anapoanza. Nyuma ikiwa huru kutoka kwenye cheni inafanya kazi vizuri zaidi.

Spoki_Tatu
Alishinda kwa sababu ni Gwin. Mkate cheni wengine muone watafika wa ngapi.

Koili_Damu
Mimi ningeanza na gurudumu dogo nyuma. Tangu UCI, chama cha baiskeli cha dunia, waruhusu magurudumu tofauti mwaka 2019, Loïc Bruni kachukua ubingwa wa dunia wa DH mwaka huo huo na gurudumu la inchi 29 mbele, 27.5 nyuma. Makalio hayagusi tairi tena.

Mama_Breki
Kwenye fremu yake ya zamani? Utashusha krenki mpaka ikwangue mawe. Jamani, mtu ana shokapu inayovuja.

Nyuma_Nzito
Nimefanya alivyosema dada. Bushi ya chini ina mchezo kweli, inasikika mpaka kwenye kucha. Lakini mafuta nayo bado yanatoka. Hiyo sili naweza kubadilisha mwenyewe nyumbani?

Fundi_Grisi
Bushi unaweza. Sili ya mafuta usiguse, kile kichupa cha pembeni kina gesi yenye presha na kinahitaji vifaa vyake. Vipimo vya gurudumu umechukua?

Nyuma_Nzito
Bado, tepu imepotea. Ila muuzaji kasema anaweza kuniongezea na springi ya 400.

Spoki_Tatu
Imeandikwa mwendo ngapi?