MJADALA: Kanisa kulisha na kulaza wageni wanaofika mpaka wa Lunga Lunga, mwaonaje?

Mwana wa Changamwe
Salaam wote. Kanisani kwetu tunakusanya unga, mafuta ya kupikia na blanketi za watu wanaoshikwa upande wa Lunga Lunga. Wengi ni vijana wa Ethiopia wanaotaka kupita Tanzania wafike Afrika Kusini, wengine ni akina mama wa Kongo na watoto wao wanatafuta hifadhi. Mwezi jana mama mmoja na watoto watatu walilala ukumbini kwetu siku nne. Jumapili mzee wa kanisa kasimama akasema tukiendelea tutafungwa sote na pasta wetu. Mimi naona ni Mathayo 25 tu, nilikuwa mgeni mkanikaribisha. Nyinyi mwasemaje?

Baharia Mstaafu
Huyo mzee wenu msikizeni. Sheria ya uhamiaji haina utani, ukimficha mtu aliyeingia bila karatasi na wewe una kesi. Hao vijana hawaji peke yao, kuna mtu Moyale, mpakani na Ethiopia, kashachukua pesa, kuna wa kuwapitisha Nairobi, kuna wa kuwavusha huku, na huyo wa mwisho akisikia kuna ukumbi wa bure na uji wa asubuhi basi atawatua hapo hapo apunguze gharama zake. Hilo hamulifikirii. Halafu tusidanganyane, kanisa Pwani hii halijampa mtu chakula bila kutaka kumgeuza dini.

Binti Kisauni
Ya mawakala sawa, lakini hilo la mwisho ungelimeza. Mimi ni wa ukoo wa Frere Town, kile kijiji cha misheni hapa Mombasa walikowekwa watumwa waliookolewa. Nyanya yake nyanya yangu alitolewa kwenye jahazi la watumwa akiwa mtoto, hajui hata jina la kwao, kanisa ndilo lililompokea. Kengele bado iko pale Nyali, twaambiwa ilikuwa ikipigwa majahazi ya watumwa yakionekana. Kazi hii kanisa laifanya tangu 1844, wewe waja kusema kugeuza dini!!

Mwalimu wa Rabai
Dada, 1844 ndio mwaka Krapf, yule mmisionari wa kwanza, aliingia Mombasa. Frere Town ni 1875.

Binti Kisauni
Ahsante mwalimu, mwaka nimekosea, jambo sikukosea.

Baharia Mstaafu
Sikumtusi nyanya yako mwanangu. Lakini mwatupa nusu ya hadithi. Hao waliookolewa walifanyishwa kazi na kupangiwa maisha, na mwanzo wa miaka ya 1880 kulikuwa na msimamizi Mzungu hapo Frere Town akiwachapa viboko mpaka ikawa kashfa akaondolewa. Mtu katolewa utumwani kaja kuchapwa kanisani. Hiyo nayo isemeni.

Binti Kisauni
Kwani nani amekataa? Kwetu hayo yanasimuliwa, tena kwa uchungu. Ila kama si kanisa mimi nisingekuwepo kukujibu hapa.

Mwalimu wa Rabai
Nyote mwazungumza Frere Town, hebu njooni huku Rabai ndio mutaona swali la huyu kijana wa Changamwe. Wa Frere Town waliletwa na manowari za Waingereza, hao walikuwa halali. Waliokuja Rabai walitoroka wenyewe kutoka mashambani, yaani kwa sheria ya wakati ule ni mali ya watu. Wakubwa wa misheni walikuwa wakisema hawapokei watoro, kumbe William Jones, mhubiri Mwafrika ambaye mwenyewe alikuwa mtumwa utotoni, anawapokea na wanajenga vibanda na kulima. Siri ikafumuka 1888, mabwana wenye watumwa wakaja juu, hapa palikuwa karibu pamwagike damu. Tarehe 1 Januari 1889 kampuni ya Waingereza ikalipa fidia na watu zaidi ya 1,400 wakapewa karatasi za uhuru. Kwa hivyo mzee, sheria ilikuwepo na Jones aliijua. Mimi nasimama na Jones.

Mjukuu wa Shimoni
Mwajisifu nyote kwa kanisa, na sisi je? Januari 2001 polisi walipopiga risasi waandamanaji kule Pemba, watu zaidi ya 2,000 walivuka bahari wakatua kwetu Shimoni, upande huu wa Kenya, wengine na nguo walizovaa tu. Nilikuwa mdogo, baba alitutoa chumbani tukalala sebuleni wiki nzima, mama apika sufuria mbili kila siku na samaki hawakutosha. Hakuna aliyeuliza karatasi. Hakukuwa na mahubiri.

Mama Mikindani
Mungu awabariki wazee wako kijana, lakini wale walikuwa Waislamu wenzenu, lugha moja, wengine mwaoana. Huyu mama wa Kongo hana shangazi hapa.

Mjukuu wa Shimoni
Mama nakuheshimu ila hapo umenichoma. Kwale tumeishi na Wamakonde miaka na miaka, wameletwa kutoka Msumbiji kulima mkonge na miwa, kuna Wakristo na Waislamu humo, watoto wao tumesoma nao, nao hawakuwa na kitambulisho mpaka 2016 walipotembea kwa miguu kwenda Nairobi kumwona rais. Kwetu hatukungoja wawe ndugu.

Baharia Mstaafu
Hapo umegusa kidonda. Mjukuu wangu, mzaliwa wa Likoni, mwaka wa pili huu azungushwa kitambulisho, leo lete cheti cha babako, kesho lete cha babu. Mimi nimezunguka dunia na meli, nimerudi kwetu mjukuu wangu aulizwa katoka wapi. Mukiniona mkali kuhusu wageni mujue hapo ndipo paniumapo.

Mama Mikindani
Pole sana mzee. Lakini aliyemzungusha mjukuu wako si yule mama aliyelala ukumbini.

Mwana wa Changamwe
Wazee wangu nimesoma yote. Kuhusu sheria nilienda kuuliza. Sheria ya wakimbizi ya 2021 inampa anayetafuta hifadhi siku 30 ajitokeze kwa maafisa, na hafai kurudishwa kwenye hatari aliyoikimbia. Yule mama tulimsindikiza akajiandikishe, hatukumficha. Wale vijana wa Ethiopia ni mambo mengine, wengi wako seli, sisi twapeleka chakula na polisi wenyewe wanatufungulia. Jumamosi twaenda tena, mwenye unga auache kanisani kabla ya Ijumaa jioni.

Baharia Mstaafu
Unga nitaleta, bandali moja. Lakini hujanijibu. Usiku saa tano wakija wawili hawana karatasi, mvua inanyesha, na hujui kama ni wakimbizi au wamepangwa na wakala, ukumbi utafungua ama hutafungua?

Mwana wa Changamwe
Nitafungua mzee. Na asubuhi nitakwenda nao ofisini mimi mwenyewe.