Kikundi chetu cha akina mama Tabora mjini tunataka kuchimba bwawa la sato mtaani, naomba ushauri kabla hela haijatoka

MamaWaIsevya

Wakuu habari za jioni, wakubwa shikamooni.

Niko Tabora mjini, pande za Isevya. Ni katibu wa kikundi cha akina mama 14, tulianza kwa kuweka na kukopeshana. Mwaka huu akiba imefika shilingi 3,600,000 na tumekubaliana isigawanywe. Mwenzetu mmoja, mama mtu mzima, ametupa kiwanja cha nyuma ya nyumba yake, kama mita 30 kwa 20, tukitumie miaka mitano. Tunataka bwawa la sato, jirani aje na beseni anunue samaki anayerukaruka. Hapa kwetu sato anatoka Mwanza akiwa kwenye barafu na migebuka inatoka Kigoma. Mtoto anaweza kumaliza darasa la saba hajawahi kuona samaki hai.

Sasa amekuja muuza vifaranga vya samaki. Anasema tuchimbe mita 20 kwa 10, tuweke vifaranga 5,000, baada ya miezi sita kila samaki nusu kilo, na yeye mwenyewe atanunua wote. Wenzangu tisa wameshakubali. Mimi roho inasita, maana hizi ni hela za watu wanaouza mchicha na maandazi.

Naomba kujua: vifaranga wangapi kwa bwawa hilo? Maji tutayamudu? Kisima cha mama kinashuka sana Septemba na Oktoba. Na zamu tuzipangeje ili asiwepo anayebebeshwa mzigo wa wenzake?

Mfugaji_Nzega

Dada yangu, roho yako inasita kwa haki.

Vifaranga 5,000 kwenye mita za mraba 200 ni 25 kwa kila mita moja. Bwawa la udongo lisilo na mashine ya kuingiza hewa linabeba watatu hadi watano. Mkizidisha, alfajiri mtakuta samaki wamepanda juu wanahema midomo wazi. Usiku mimea ya majini nayo inavuta oksijeni, kwa hiyo kabla ya jua kuchomoza ndipo hewa inapokuwa kidogo kabisa. Siku moja mbaya inaondoka na bwawa zima.

Wekeni 800, na tupige hesabu pamoja. Wakipona 85 kwa kila 100 mnabaki na 680. Wakifika gramu 300 mna kilo 204. Kila kilo ya samaki inataka kilo moja na nusu hadi mbili za chakula cha kuelea; tuseme 1.6, ni kilo 326. Kwa bei ninayonunulia mimi ya 3,500, chakula peke yake ni kama 1,142,000. Vifaranga kwa 200 kila mmoja ni 160,000. Mkiuza kilo 9,000 mnapata 1,836,000. Inabaki 533,000 na kitu, bado hujatoa maji, wala kuchimba. Gawa kwa watu 14, ni kama 38,000 kila mmoja kwa miezi saba.

Sikuvunji moyo. Nataka wale wenzako tisa waione hesabu hii kabla jembe halijagusa ardhi. Faida ya samaki iko kwenye chakula na kwenye nani unamuuzia. Huyo anayesema atanunua wote, muulize bei ya kilo leo, aiandike na kusaini. Akikupa 7,000, zidisha mwenyewe uone kinachobaki.

Nusu kilo kwa miezi sita pia msahau. Sato anapenda maji ya nyuzi 25 hadi 30. Usiku wa Juni na Julai Tabora mnaujua wenyewe. Maji yakishuka chini ya 20 samaki hali vizuri na hakui.

Na vifaranga hakikisheni ni madume tupu. Mimi mara ya kwanza niliuziwa mchanganyiko. Walizaana, nikavuna ndoo kwa ndoo za samaki wa ukubwa wa kidole. Mkoa wetu una kituo cha serikali cha ukuzaji viumbe maji, Mwamapuli kule Igunga. Mkaulize huko kwanza, mkiwa na afisa uvuvi wa manispaa yenu.

Kaka_wa_Ujiji

Mama, salamu kutoka Kigoma. Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilifungwa kwa uvuvi kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15 ili samaki wapate kuzaliana. Miezi mitatu hiyo hata sisi tunaoishi pwani ya ziwa tulihangaika kupata mboga, sembuse nyie mnaosubiri mzigo wa reli. Mkipandikiza mwishoni mwa Novemba mvua zikishaanza, mnavuna Juni, samaki wamekula joto lote na baridi kali haijawashika. Ziwa likipumzishwa tena msimu huo, wateja watawatafuta wenyewe.

Jambo la pili ni ladha. Watu wengi wanasema samaki wa bwawani ananuka tope, na mara nyingi ni kweli. Siku mbili tatu kabla ya kuuza wahamishieni kwenye simtanki au bwawa dogo la maji safi bila kuwapa chakula. Ile harufu inapungua. Mkimuuzia jirani wa kwanza samaki wa tope, mtaa mzima utajua kabla ya magharibi, na itawachukua mwaka kulisafisha jina.

Mkipata nafasi, tumeni mtu mmoja aje chuo cha uvuvi FETA hapa Kibirizi aulize kuhusu mafunzo, akirudi awafundishe wengine.

Nilishapitia

Nitasema lisilopendeza. Kikundi chetu cha Ipuli kilikuwa na bwawa zuri, na hakikuuawa na maji wala chakula. Kulisha kulikuwa kwa zamu ya wiki nzima. Wa kwanza analisha vizuri, wa pili anatuma mtoto, wa tatu anamwaga chakula chote asubuhi ili jioni apumzike. Chakula kisicholiwa kinaoza na kuharibu maji. Halafu usiku wa kuamkia mavuno bwawa likavuliwa na watu ambao hadi leo hatuwajui. Tuliangaliana vibaya kanisani na msikitini mwaka mzima.

Mteueni mlishaji mmoja anayeishi hapo hapo, alipwe hata kidogo kila mwezi, na daftari la kilo za chakula lisomwe kila Jumapili mbele ya wote. Mwenye kiwanja muandikishane naye kwa mwenyekiti wa mtaa, na watoto wake waweke saini. Mama akitangulia mbele za haki, mtabaki na shimo.

Uzio uje kabla ya maji. Bwawa la mjini linaita watoto, na mtoto akizama hakuna samaki atakayelipa.

Na msikimbilie sasa ile mikopo ya vikundi inayotoka kwenye asilimia 10 ya mapato ya halmashauri. Haina riba, lakini marejesho yana tarehe zake na samaki hana mshahara wa mwezi. Vuneni mara moja kwanza.

BustaniMalolo

Mwangaluka mama. Kwenye maji hapo ndipo pazito. Mita za mraba 200 kwa kina cha mita 1.2 ni lita 240,000, yaani yuniti 240 za bomba kulijaza tu. Kiangazi jua likinywa nusu sentimita kwa siku, ni lita 1,000 kila siku, bado yanayonywewa na ardhi. Udongo wa mjini sehemu nyingi ni kichanga. Kama mna ule mweusi wa mbuga mmebahatika. Kama hamna, itabidi turubai la bwawa, na hiyo ni hela nyingine.

Mimi ningechimba nusu, mita 10 kwa 10, samaki 400, na nusu nyingine ningelima. Maji ya bwawa ni mbolea. Mkiyapunguza kila wiki mkamwagilia mchicha na chainizi, yuniti ile ile inalipa mara mbili, na mboga zinatoa hela baada ya wiki nne wakati samaki bado wadogo. Akina mama wanaouza mchicha mnao tayari! Maji ya bomba yana dawa, yaacheni juani siku mbili kabla ya kuweka kiumbe chochote.

Majirani wakilalamikia mbu, fyekeni majani ya ukingoni. Sato wadogo wanakula viluwiluwi vya mbu.

MamaWaIsevya

Nimesoma yote mara mbili, na hesabu ya Mfugaji_Nzega nimeinakili kwenye daftari la kikundi. Jumapili nitaisoma kwa sauti. Nitawaomba tuanze na hilo la 10 kwa 10 na bustani, na yule muuzaji tumwambie asubiri. Nisaidieni moja la mwisho: nitajuaje udongo wetu unashika maji bila kumlipa mtu?

BustaniMalolo

Chimbeni shimo la kina cha kiuno katikati ya kiwanja. Jioni lijazeni hadi juu, asubuhi litakuwa limeshuka, msiogope. Lijazeni tena, pigeni alama kwa kijiti, lifunikeni na majani ya migomba jua lisiyanywe maji. Asubuhi ya pili yakiwa yamebaki mengi, chimbeni. Yakiwa yameisha, piga picha ulete hapa tuangalie la turubai.

MamaWaIsevya

Kesho jioni tunaanza na ndoo. Nitaleta picha.