Huyu mtaalamu wetu wa lugha nusura avunje posa ya mdogo wangu

Wakuu, nimetoka kwenye posa ya mdogo wangu hapa Berlin, mikono bado inatetemeka. Mnamjua. Yule yule.

Shemeji mtarajiwa ni Mkurdi wa Dersim, kule mashariki mwa Uturuki. Baba yake, mzee wa watu, anakunywa chai yake taratibu. Mtaalamu akakohoa, akasema: "Kumbe nyinyi ndio Waturuki wa milimani!"

Mzee akaweka istikani chini.

Jamani, Waturuki wa milimani! Jina hilo serikali ya Uturuki iliwabandika ili tu isitamke Mkurdi. Lugha zao zikafungwa mdomo kwa sheria ya 1983 hadi 1991. Mzee kayapitia yote hayo, leo anakumbushwa na mla vitumbua! Mlio wa istikani ile umesikika hadi Bagamoyo.

Haikumtosha. "Basi Wazaza?" Ndilo jina ambalo wengine huwaita watu wa huko. Mzee akajibu kwa upole kwamba kwao wanajiita Kirmanc, lugha yao Kirmanckî. Jamaa akapiga meza: "Aaa, Kikurmanji! Kile cha mji wa Diyarbakır!" Sicho! Kikurmanji ni lugha ya Wakurdi wengine, na wasemaji wake ndio Dersim wanawaita Kirdas! Istikani ikaenda chini mara ya pili.

KobeWaBuza: Kirmanc, Kurmanji, herufi mbili tu unatulilia?

Mleta uzi: Herufi mbili ndizo zilizoangusha istikani!

KobeWaBuza: Mwanzo iliwekwa, sasa imeangushwa. Kufika ukurasa wa pili itakuwa imeua mtu.

BintiPangani: Afadhali wewe. Jirani yangu Msorani, yaani msema Kikurdi cha Kisorani, wa Sulaymaniyah kule Iraq, kila siku ananilalamikia hao wa Kikurmanji, eti nomino zao zina kiume na kike. Tena yeye anaandika kwa herufi za Kiarabu, mkwewe wa Kikurmanji kwa Kilatini. Barua za familia nasomewa mimi, na sijui hata kimoja!

MvitaHalisi: Hao wana nafuu. Sisi mkutano wa 1928 wa kusanifisha Kiswahili wafanywa hapa hapa Mombasa, kwetu, na bado wachagua Kiunguja, si Kimvita chetu! Istikani yetu iko chini mpaka leo.

MtotoWaForodhani: Pole, tukuongeze sukari?

BintiPangani: Na huku bara ukiitwa Mswahili maana yake tapeli. Nani alituuliza?

MvitaHalisi: Hilo ndilo laniudhi zaidi.

Mleta uzi: Turudini kwenye mada, posa imesimama!

KobeWaBuza: Pilau ilikuwa ya mbuzi au ya kuku?