Tupeane uzoefu: Black Sabbath ilikufikaje huku Kusini?

Mpiga_Ridhimu (Mtwara mjini)

Wakuu, habari za jioni. Tangu Ozzy Osbourne, mwimbaji wa bendi ya Black Sabbath ya Uingereza, afariki tarehe 22 Julai 2025 nimekuwa nikitaka kufungua uzi huu, kila nikianza nafuta. Leo naandika hadi mwisho.

Nawatafuta watu wa huku kwetu, kuanzia Kilwa mpaka Msimbati, Masasi, Newala, Nachingwea, ambao bendi ya Black Sabbath iliwahi kuwagusa. Si lazima uwe shabiki wa hevi metali, ile roki nzito ya magitaa yanayonguruma. Sema tu ilikufikaje na ilikukuta katika hali gani. Naanza mimi.

Mwaka 2009 nilikuwa napiga gitaa la solo kwenye bendi ya dansi hapa mjini, na mchana nafanya kazi karakana ya mageti na mabati. Siku moja bati likateleza kwenye mashine ya kukatia, likaondoka na ncha ya kidole changu cha pete, mkono wa kushoto. Anayepiga gitaa anajua kuwa mkono huo ndio unaobana nyuzi. Solo la dansi letu linataka vidole vyepesi vinavyokimbia kule kwenye nyuzi nyembamba. Nilipopona nikajaribu, kovu likapasuka, damu ikatapakaa kwenye nyuzi. Nikalisukuma gitaa chini ya kitanda. Lilikaa huko miezi saba.

Aliyelitoa ni mzee mmoja fundi redio, wa mtaa wa Chikongola. Alinikuta nimekaa barazani kwake, akakitazama kidole, wala hakunipa pole. Akasema, "Njomba, kaa hapa usikilize." Akaweka kanda. Gitaa likaanza kunguruma taratibu, zito, kama lori linalopanda mlima na mzigo. Nikauliza ni nani. Akaniambia huyo anayepiga hana ncha za vidole viwili. Nilidhani ananifariji tu.

Baadaye nikaifuatilia habari yenyewe. Mpiga gitaa huyo wa Black Sabbath, Tony Iommi, alikuwa na miaka 17, mwaka 1965, mchomeleaji kwenye kiwanda cha bati mjini Birmingham, Uingereza. Siku hiyo ndiyo ilikuwa ya mwisho kazini, anaondoka kwenda kwenye muziki. Mwenye mashine ya kubana bati hakufika, wakamweka yeye. Mashine ikamshukia kidole cha kati na cha pete, mkono wa kulia. Kwa kuwa anapiga kwa mkono wa kushoto, huo wa kulia ndio wake wa kubana nyuzi. Aliambiwa asahau gitaa. Kisha msimamizi wake wa kiwandani akamletea santuri ya Django Reinhardt, yule mpiga gitaa wa jazi ambaye moto ulimharibu vidole viwili naye akaendelea kupiga kwa vilivyobaki.

Iommi akayeyusha chupa ya plastiki ya sabuni ya vyombo, akafinyanga vikofia vya vidole, akavivisha ngozi aliyoikata kwenye koti. Nyuzi za gitaa za wakati ule zilimuumiza, akafunga za banjo kwa sababu ni nyembamba. Baadaye akazilegeza kabisa. Kwenye albamu ya tatu, Master of Reality ya 1971, kuna nyimbo ambazo gitaa limeshushwa nusu sauti tatu. Uzi uliolegea haukati kidole, na sauti yake inashuka mpaka tumboni kwa msikilizaji. Hevi metali yote iliyofuata imepita kwenye mlango huo.

Mimi nilichukua kipande cha bomba la plastiki, mshumaa, ngozi ya kiatu na gundi. Vikofia viwili vya kwanza vilichomoka katikati ya wimbo. Cha tatu kikakaa. Nikalegeza nyuzi, nikahama kutoka solo kwenda ridhimu. Wenzangu walilalamika kwamba nagombana na besi, na kweli nilikuwa nagombana nalo, mpaka nikajifunza kuacha nafasi. Napiga hadi leo.

Karibuni.

Mtoto_wa_Bandari

Mkuu, umenikumbusha mbali. Nimebeba magunia ya korosho bandari ya Mtwara tangu miaka ya tisini. Msimu ukifunguka meli zinakuja, na mabaharia wanashuka kutafuta vitu vya kubadilishana. Baharia mmoja Mfilipino alinipa kanda, nami nikampa mfuko wa korosho za kukaanga za mke wangu. Kanda yenyewe ilikuwa Heaven and Hell ya Black Sabbath, ya 1980. Sikuelewa hata neno moja. Ila mwimbaji yule alikuwa anapaa kama muadhini kwenye mnara asubuhi na mapema, nasema hivyo kwa heshima.

Nina rafiki yangu wa Ligula, yeye alikuwa na Paranoid ya 1970, aliletewa kutoka Dar. Wakati huo kabla ya daraja la Rufiji, mvua ikinyesha njia inafungwa, kanda inaweza kukaa njiani kama abiria. Akaniambia bendi ni hiyo hiyo. Nikamwambia haiwezekani, huyo wako anaimba kama mtu anayeita kivuko kutoka ng'ambo, huyu wangu ana pumzi nyingine. Tulibishana miaka karibu kumi, wakuu. Kwenye misiba, kwenye harusi, kwenye foleni ya maji.

Intaneti ilipofika ndipo tukajua wote tulikuwa sawa. Ozzy aliondolewa mwaka 1979, ulevi na dawa vilikuwa vimemzidi, akaingia Mmarekani Ronnie James Dio. Jina likabaki, mwimbaji akabadilika. Sisi tuliokulia kwenye dansi tungepaswa kulijua hilo mapema, maana waimbaji wetu walikuwa wanahama bendi kila msimu na jukwaa linaendelea.

Kilichonigusa ni kwamba miaka yote hiyo tukigombea mwimbaji, gitaa tulilokuwa tunalisikiliza lilikuwa la mtu mmoja.

Nachingwea_Kwetu

Swali kwa mwenye uzi. Huyo Iommi alikuwepo mwanzo hadi mwisho?

Mpiga_Ridhimu

Ndiyo, peke yake. Walianza wanne 1968, wote watoto wa Aston, mtaa wa viwanda hapo Birmingham: Iommi, Ozzy, Geezer Butler kwenye besi, Bill Ward kwenye dramu. Ozzy alikuwa ameshafanya kazi machinjioni na kufungwa jela wiki kadhaa kwa wizi. Baada ya Ozzy kutoka, Ward naye akatoka 1980, Dio 1982, Ian Gillan akaimba albamu moja ya 1983, Butler naye akaondoka na kurudi zaidi ya mara moja. Miaka ile ya katikati mimi huiruka, nasema ukweli. Waliporudi wote wanne mwaka 1997 walipiga kwao Birmingham.

Mwaka 2012 Iommi akagundulika na saratani ya limfu. Akawa anatibiwa huku anarekodi, na albamu ya 2013, inayoitwa 13, ikashika nafasi ya kwanza Uingereza na Marekani. Ward hakuwemo, hawakuelewana kwenye mkataba. Hilo bado linaniuma.

Ngoma_za_Newala

Mimi sipigi gitaa, napiga ngoma. Baba yangu alipiga, babu yangu alipiga, kwenye sindimba na mapiko, ile ngoma ya vinyago ya Wamakonde. Kwa hiyo nitazungumzia Bill Ward, maana naona kila mtu anampita.

Binamu yangu alirudi kutoka Dar mwaka 2014 na simu yenye nyimbo. Tulikuwa uani, tumewasha moto wa kukausha ngozi za ngoma kabla ya shughuli ya usiku, si mnajua ngoma ikipata unyevu haisemi. Akaniwekea wimbo wa kwanza wa albamu ya kwanza. Mvua inanyesha, kengele inalia kwa mbali, halafu gitaa linaangusha noti tatu. Nikasubiri dramu iingie kujaza. Haikujaza! Inapiga, inanyamaza, inaviringisha, inanyamaza tena. Babu alikuwa anatuambia kwamba anayeogopa kimya hajawa mpigaji. Nilimkumbuka palepale.

Ward alikulia kwenye jazi, akiwasikiliza wapiga dramu akina Gene Krupa. Ndiyo maana dramu zake hazikai nyuma ya gitaa kama mlinzi. Zinajibu. Mpiga gitaa akisema neno, anamjibu, kama ngoma kubwa inavyomjibu mchezaji wa lipiko anapotikisa bega. Ukimwangalia mchezaji unajua atakwenda wapi, nawe unafika kabla yake kidogo.

Jambo la pili. Albamu ile ya kwanza waliirekodi siku moja tu, Oktoba 1969, ikatoka Ijumaa ya tarehe 13 Februari 1970. Waliingia studio wakapiga kama wanavyopiga jukwaani. Vijana wanaorekodi siku hizi wanashangaa. Mimi sishangai. Kwenye uwanja wa ngoma hakuna kurudia, mkono ukikosea unakosea mbele ya wakwe zako.

Binamu alinikopia zote. Bado nazisikiliza nikiwa nawamba.

Binti_wa_Lindi

Nimesoma kimya siku mbili, leo nimepata ujasiri. Shikamooni wakubwa.

Nilikutana na Black Sabbath nikiwa kidato cha tano, kupitia mwalimu wa kujitolea aliyekuwa anatufundisha fizikia. Alitumia gitaa kutueleza mawimbi, kwamba uzi ukilegea mtetemo unapungua kasi na sauti inashuka. Akatupigia kipande kwenye kompyuta. Wenzangu wakacheka, mimi kikanishika.

Nyumbani tatizo lilikuwa jina. Sisi ni Waislamu, mama yangu ni mtu wa dini hasa, na mtu akimweleza maana ya jina lile, Sabato Nyeusi, atafikiri nimeingia kwenye uchawi. Nikaona bora nimweleze mwenyewe. Nikamwambia walikuwa wanaitwa Earth, wakakuta kuna bendi nyingine yenye jina hilo, na jina jipya wakalichukua kwenye filamu ya kutisha iliyokuwa inaonyeshwa karibu na mahali walipokuwa wanafanyia mazoezi. Nikamwambia mwandishi wa mashairi yao, Butler, amelelewa Mkatoliki, na mengi aliyoandika ni onyo: vita, dawa, watu wakubwa wanaotuma watoto wa maskini kufa. Zile misalaba walizovaa shingoni, baba yake Ozzy ndiye aliyewatengenezea. Mama akasikiliza, hakusema kitu.

Halafu nikamsimulia vidole.

Mama yangu amebangua korosho tangu ana miaka kumi na mitatu. Wanaojua wanajua. Mafuta ya ganda yanaunguza, ngozi inakuwa nyeusi, inabanduka, inaota nyingine. Walikuwa wanapaka majivu wakimaliza, lakini majivu hayarudishi kitu. Mama hana alama za vidole. Siku ya kuchukua kitambulisho alama zilikataa kusoma, wakarudia na kurudia, akaondoka analia.

Kuna kipande ambacho mwenye uzi hakukiandika. Mchana wa siku ile Iommi alikwenda nyumbani kula, akamwambia mama yake kwamba harudi tena kazini. Mama yake ndiye aliyemwambia arudi, amalize siku yake vizuri. Akarudi, na ndipo mashine ikamkata.

Mama aliposikia hapo akaacha kuchambua mchele. Akauliza, "Na huyo mama alijilaumu?" Sikuwa na jibu. Akaitazama mikono yake muda mrefu. Mimi ndiye mtoto niliyekuwa namfuata kwenye korosho nikiwa mdogo, na yeye ndiye aliyenikataza nisiguse. Nina vidole vyangu vyote kumi na vyote laini.

Tangu siku hiyo hajawahi kuniambia nizime.

Mpiga_Ridhimu

Dada, nimesoma mara tatu. Kipande cha mama nilikijua, nikashindwa kukiandika. Asante kwa kukiandika wewe.

Mikindani_Pwani

Kwangu mimi mlango ulikuwa mpira. Januari 2020 Mbwana Samatta alipojiunga na Aston Villa, Mikindani yote ilikuwa Villa. Mechi yake ya kwanza ilikuwa pale Villa Park dhidi ya Leicester, nusu fainali ya Kombe la Ligi, bao la ushindi likaja dakika za nyongeza na banda la mpira likatikisika. Samatta aliondoka, mimi nikabaki na Villa. Mwaka 2024 klabu ikazindua jezi mpya, nikaona wazee wawili kwenye video, nikauliza hawa ni akina nani. Ozzy na Geezer! Ndipo nikaanza kusikiliza, nikiwa mtu mzima wa miaka 41.

Kwa hiyo nilikuwa mgeni wakati wa kuaga, na labda ndiyo maana ilinipiga hivyo. Tarehe 5 Julai 2025, Villa Park, uwanja uleule. Tulikaa watu wanne na simu moja, usiku wa manane, umeme umekatika, betri ya pembeni inasaidia. Ozzy alikuwa na ugonjwa wa Parkinson, hawezi kusimama, akatoka chini ya jukwaa ameketi kwenye kiti cheusi cha enzi. Wote wanne wa mwanzo, mara ya kwanza pamoja baada ya miaka 20. Walipiga nyimbo nne tu, wakamalizia na Paranoid. Bill Ward akavua shati na miaka yake 77. Mapato yalikwenda kwenye tiba ya Parkinson na hospitali za watoto.

Wanne wote walikulia jirani na uwanja ule. Niliwaza bendi inayozunguka dunia zaidi ya nusu karne halafu inakuja kumalizia mtaani kwao, ambapo mtu anaweza kurudi nyumbani kwa miguu. Siku kumi na saba baadaye Ozzy akafa.

Ngoma_za_Newala

Mikindani, kumbe na wewe ulimwona Ward. Mikono ilikuwa imechoka, nilimwona, lakini hakuna pigo alilolidanganya.

Mtoto_wa_Bandari

Nimempigia simu rafiki yangu wa Ligula, nimemsomea uzi mzima. Amesema niandike kwamba bado anasimama na Ozzy.

Binti_wa_Lindi

Jana jioni tulikuwa tunapika, mama akaniuliza ghafla, "Yule kijana wa vidole, yu hai?" Nikamwambia yu hai, alizaliwa 1948, na Julai alikuwa pale jukwaani anapiga. Akaniambia, "Hebu niwekee nimsikie." Nikaweka simu juu ya mtungi, tukaendelea kukuna nazi.