Châteauneuf, Gigondas au Bandol: ipi inastahili bei yake?

MzeeWaKizibo
Wakuu, habari za jioni. Niko Lyon mwaka wa tisa sasa, jikoni kwenye mgahawa mdogo. Jumapili iliyopita tulifunga mapema, mhudumu wetu wa mvinyo akatuletea chupa nne za kusini mwa Ufaransa, zote nyekundu, kazivisha soksi tusione lebo. Tulikuwa sita mezani, wawili wana vyeti vya kuonja. Kila mtu na karatasi yake, ndoo ya kutemea katikati.

Soksi zilipovuliwa ilikuwa hivi: Châteauneuf-du-Pape 2019 (euro 46), Gigondas 2019 (euro 23), Bandol 2018 (euro 31) na Terrasses du Larzac 2019 (euro 17).

Gigondas ilishika namba moja kwenye karatasi nne kati ya sita. Mimi niliandika "zambarau zilizoiva, pilipili manga, halafu mdomo unabaki msafi". Larzac ya pili: ina harufu ya majani makavu ya porini, yale ukiyakanyaga jua la saa saba. Châteauneuf ya tatu, tunda limeiva mpaka limekaribia jemu, kilevi asilimia 15, na koo linapata moto. Bandol ikaburuza mkia. Ukakasi kama umeng'ata ndizi mbichi, na puani ngozi na zizi la ng'ombe.

Sasa swali. Una euro 50 mfukoni: Châteauneuf moja, au Gigondas mbili na chenji ya mkate?

FundiPipa
Mkuu, kabla hatujaizika Bandol naomba maelezo. Ilifunguliwa saa ngapi kabla ya kuonjwa? Ilimiminwa ya ngapi? Chumba kilikuwa na joto kiasi gani?

Nauliza kwa sababu Bandol nyekundu kwa sheria ni lazima angalau nusu yake iwe zabibu aina ya Mourvèdre, na ikae kwenye pipa miezi 18 kabla ya kuuzwa. Mourvèdre ina punje ndogo na ganda nene, inachelewa kuiva, na huo ukakasi unaoulalamikia unatoka kwenye ganda. Ni mzabibu uliokuwa umekaribia kuachwa pale pwani, kwa sababu wadudu wa mizizi walipomaliza mashamba karne ya 19 wengi walipanda aina zinazozaa haraka. Lucien Peyraud, mkulima wa mashamba ya Domaine Tempier, ndiye aliyeupigania urudi, baada ya Bandol kupata mwaka 1941 hadhi ya AOC, yaani jina la eneo linalolindwa kisheria. Sasa ninyi mnafungua chupa changa, mnaonja dakika hiyo hiyo, mnatoa hukumu! Hiyo kesi imesikilizwa bila shahidi.

Ya 2018 ningeiacha mpaka ifike miaka kumi. Kama huna subira, imimine kwenye jagi asubuhi, unywe jioni. Harufu ya zizi ikipungua ni mvinyo ulikuwa umejifunga. Ikizidi, basi chupa ina kasoro, hapo nitakuunga mkono.

Bi_Mrehani
Mimi nasimama na Châteauneuf hata nikibaki peke yangu. Mapapa wa Kanisa Katoliki walihamia Avignon mwaka 1309, na mmoja wao, John XXII, ndiye aliyejenga ngome juu ya kilima cha Châteauneuf. Halafu miaka ya 1920 Baron Le Roy wa Château Fortia akawaongoza wakulima kujiwekea masharti: eneo gani, mizabibu gani, kilevi kisipungue kiasi gani. Masharti yale ndiyo yaliyokuja kuigwa na Ufaransa nzima ilipoanzisha AOC. Hata leo mavuno hayaruhusiwi kuzidi hektolita 35 kwa hekta, na zabibu zinachumwa kwa mkono. Jumlisha yale mawe ya mviringo yanayoshika joto la mchana, na aina 13 za zabibu zinazoruhusiwa. Mtu analipa euro 46 kwa hayo.

Na ni kijiji pekee ninachokijua ambacho mwaka 1954 meya wake alipiga marufuku visahani vya anga kutua kwenye mashamba ya mizabibu. Sijasikia kimetua hata kimoja.

Mtemi_wa_Ndoo
Dada Mrehani, nakuheshimu, ila hadithi haimiminiki kwenye glasi. Hayo mawe kila mtu anayaimba, wakati Château Rayas, ambao chupa yao wengi wetu tutaishia kuiona pichani, mashamba yao ni mchanga, na karibu kila kitu ni zabibu aina ya Grenache. Château de Beaucastel nao wanapanda aina zote 13 na Mourvèdre wanaipa nafasi kubwa. Hizo ni nyumba mbili za kijiji kimoja na mivinyo yao haifanani hata kidogo. Eneo lote ni kama hekta 3,200, mikono ni mingi, na mingine inauza jina tu. Ukinunua Châteauneuf ya bei ya chini kabisa, mara nyingi unalipia zile funguo za Papa zilizochongwa kwenye chupa.

Gigondas ni kama hekta 1,200. Mashamba yanapanda miteremko ya Dentelles de Montmirail, juu zaidi, mengine yanapata kivuli cha mlima mapema. Usiku ni baridi, ndiyo maana uchachu unabaki na mdomo wa mzee wetu ukabaki msafi. Ilipata AOC yake 1971, kwa hiyo jina bado halijapanda bei kama la jirani. Mimi nachukua mbili.

FundiPipa
Kwenye hilo la usiku, usiisahau Larzac. Mwaka 2019 wenyewe ulikuwa wa moto: tarehe 28 Juni joto lilifika nyuzi 46 kule Vérargues, Hérault, na kuna mashamba majani na vichala viliungua kama vimepitishiwa tochi ya gesi. Larzac inaponea kwenye upepo wa baridi unaoshuka usiku kutoka uwanda wa juu. Euro 17 kwa mvinyo wa mwaka ule, na ukashika nafasi ya pili? Hapo ndipo pesa yangu ingeenda.

Ni upande huo huo, Aniane, ambako Mas de Daumas Gassac walitoa mvinyo wao wa kwanza mwaka 1978, wakati watu wa Bordeaux wakiliona eneo lote hilo, Languedoc, kama bomba la mvinyo wa mezani. Mpaka leo hauna AOC.

Nungwi_Paris
Naomba nichokoze kidogo. Mmesema wawili walikuwa na vyeti. Mwaka 2001 watafiti wa Bordeaux walichapisha jaribio lao: waliwapa waonjaji 54, wanafunzi wa elimu ya mvinyo, glasi ya mvinyo mweupe uliotiwa rangi nyekundu isiyo na harufu. Wakaueleza kwa maneno ya mvinyo mwekundu. Jicho ndilo lililoandika karatasi, pua ikasaini tu. Soksi zenu zimeficha lebo, lakini rangi mliiona. Gigondas na Châteauneuf nyingi zimejaa Grenache, rangi yake si nzito. Bandol ni nyeusi. Nani aliandika "ukakasi" kabla hajaonja?

Mtemi_wa_Ndoo
Haha, hapo umetugusa wote. Ila ukakasi haudanganyiki kwa rangi, mkuu. Fizi ndizo zinazokauka.

MgogoUghaibuni
Mimi nimetoka Dodoma, kwetu zabibu tunavuna mara mbili kwa mwaka, kwa hiyo hizi habari za kusubiri miaka kumi mnanionea. Swali langu ni la chakula. Jumamosi nina wageni, nawachomea mbuzi, na kachumbari itakuwa na pilipili ya kutosha. Kati ya hizo nne, ipi?

Bi_Mrehani
Mgogo ndugu yangu, pilipili na asilimia 15 ya kilevi ni kumwaga petroli jikoni. Kwa mbuzi mtupu ningekupa Châteauneuf wangu bila kusita. Kwa kachumbari hiyo nenda Tavel, ng'ambo ya mto Rhône. AOC yao ni ya 1936 na ni ya rozé (mvinyo wa rangi ya waridi) peke yake, ila ni rozé yenye misuli, haitishwi na nyama. Ipoze nyuzi 12 hivi, usiigandishe.

MzeeWaKizibo
Nimerudi na majibu, na mengine yananiaibisha.

FundiPipa: chupa zilifunguliwa dakika kumi kabla. Tulionjea jikoni, majiko yalikuwa yamezimwa muda si mrefu, na kipimo cha ukutani kilisoma nyuzi 25. Kwa mvinyo unaotaka 16 au 17 huo ni uonevu, na bila shaka Châteauneuf ndiyo iliyoumia zaidi, maana joto linanyanyua kilevi puani. Mpangilio nao: Bandol ilikuwa ya mwisho, ndimi zimeshachoka.

Sasa hili. Kulikuwa na nusu chupa ya Bandol nikaifunga, nikaiweka kwenye friji. Jumatano usiku nikaitoa, nikaiacha nusu saa, nikamimina. Wakuu, zizi limeondoka. Limebaki tunda jeusi, kitu kama ubani kwa mbali, na chumvi kidogo mwishoni. Ukakasi upo, ila umelainika, unakaa chini ya ulimi badala ya kukwaruza. Kwenye karatasi yangu nimeipandisha kutoka ya nne hadi ya kwanza, sawa na Gigondas.

Kwa hiyo euro 50 zangu: Gigondas moja ya kunywa mwezi huu, Larzac moja ya jumapili. Bandol nitadunduliza, ninunue niifiche nyuma ya gunia la mchele.

Châteauneuf nayo nilitaka kuirudia ikiwa na nyuzi 16, Bi Mrehani asije akasema nimemwonea. Nikakuta chupa tupu. Mpishi wa keki amekiri.